Ada za mifuko ya uwekezaji: nani anakata, lini, na utaionaje

Ukiangalia taarifa ya akaunti yako ya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, utaona tarehe, kiasi ulichoweka, bei ya kipande (sehemu moja ya mfuko unayoinunua) na idadi ya vipande ulivyopata. Mstari ulioandikwa "ada ya uendeshaji" mara nyingi hauupati. Wengi huishia hapo wakaamini hawakatwi kitu. Wanakatwa, tena kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Fedha hiyo hutoka ndani ya mfuko kabla bei ya kipande haijatangazwa, kwa hiyo bei unayoiona kwenye simu imeshapunguzwa tayari.

Makato ya kutuma kwa simu yanaonekana, basi ndiyo yanayolalamikiwa. Ile ada kubwa haionekani, na inaweza kukaa na mtu miaka ishirini bila yeye kuuliza swali hata moja. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Mifano ni ya mifuko ya UTT AMIS, meneja wa mifuko anayemilikiwa na serikali, na mingine ya Tanzania, mifuko ya soko la fedha ya Kenya (inayoweka fedha kwenye amana na dhamana za muda mfupi), na kununua hisa kupitia dalali. Karibu na mwisho kuna sehemu ya ndugu walioko Uingereza. Kikokotoo cha simu kinatosha. Nyaraka zinazohitajika ni mbili, na zote una haki ya kuzipata.

Hatua ya 1: Wajue wanaolipwa

Kutoka mfukoni mwako hadi kwenye hatifungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni ukalipwa riba) au hisa, fedha inapita mikononi mwa watu kadhaa. Wa kwanza ni mtandao wa simu au benki unayotumia kutuma. Wa pili ni mwenye jukwaa: programu ya simu, wakala au dalali. Kisha yupo meneja wa mfuko, ambaye ndiye anayeamua fedha iende wapi. Nyuma yake wapo mtunza dhamana anayeshika mali za mfuko, mdhamini anayesimamia maslahi ya wawekezaji, kwa mifuko yenye naye, na mkaguzi wa hesabu. Mwisho kabisa anakuja mtoza kodi.

Kodi si ada. Iweke kwenye mstari wake peke yake, kwa sababu nimeona watu wakimlaumu meneja kwa kodi, na wengine wakidhani ada ya meneja ni kodi ya serikali isiyoweza kuhojiwa.

Kwa kila mmoja wao, uliza: anakata kutoka wapi, anakata lini, ni mara moja au kila mwaka, na ni asilimia ya nini? Swali hilo la mwisho ndilo linalorukwa zaidi. Asilimia 2 ya faida na asilimia 2 ya fedha yako yote si kitu kimoja. Ukiwa na milioni 1 iliyoleta faida ya 100,000 kwa mwaka, asilimia 2 ya faida ni 2,000. Asilimia 2 ya fedha yote, hata tukiipiga kwenye ile milioni 1 peke yake, ni 20,000, yaani sehemu moja ya tano ya faida yako. Ada ya uendeshaji ni ya aina hii ya pili. Inakatwa kwenye fedha yote, mwaka wa faida na mwaka wa hasara.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa ada kwenye waraka wa matoleo

Kila mfuko uliosajiliwa una waraka wa matoleo, ule unaoeleza mfuko ni wa nini, unawekeza wapi na unatoza nini. Tanzania unapitishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Kenya ni kazi ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko, chini ya kanuni za mifuko ya uwekezaji wa pamoja za mwaka 2023. Waraka huo huwekwa kwenye tovuti ya meneja. Usipouona, omba. Mtu anayekusanya fedha za watu na hana waraka huo, usimpe hata shilingi.

Usijilazimishe kuusoma wote siku moja. Nenda moja kwa moja sehemu ya ada na gharama, na utafute mambo haya:

- Ada ya kuingia na ada ya kutoka, na kama ya kutoka inapungua kadiri unavyokaa.
- Ada ya uendeshaji kwa mwaka, na kama VAT imo ndani yake au inaongezwa juu.
- Ada ya mtunza dhamana na ya mdhamini.
- Gharama nyingine ambazo "zitabebwa na mfuko": ukaguzi, matangazo, uchapishaji, mkutano wa mwaka. Zikibebwa na mfuko, zimebebwa na wewe.
- Ada ya mafanikio, kama ipo, na faida ianzie wapi ndipo itozwe.

Neno la kulitilia mkazo ni "isiyozidi". Waraka ukisema ada ya uendeshaji ni "isiyozidi asilimia 3", umeambiwa ukomo tu. Kiwango kinachokatwa leo hujaambiwa. Kinaweza kuwa 1.5 na kikapandishwa hadi 3 bila kuvunja ahadi yoyote iliyoandikwa. Andika namba zote mbili: ukomo na kiwango cha sasa. Cha sasa utakipata kwenye taarifa ya mwezi ya mfuko, au kwa kumuuliza meneja kama tutakavyoona.

Ada ya mafanikio haipo kwenye mifuko mingi ya kawaida, ila kwenye mifuko maalumu yenye kuahidi faida kubwa inakuwepo. Ukiiona, angalia jambo moja: mfuko ukishuka kisha ukapanda kurudi pale ulipokuwa, je, meneja analipwa kwa ule upandaji? Mfuko wenye utaratibu mzuri hautozi hadi uvuke kilele cha zamani. Usio na kinga hiyo unaweza kukutoza mara mbili kwa mlima uleule.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ada ya kila siku

Chukua mfuko wenye mali za shilingi bilioni 10, wenye ada ya uendeshaji ya asilimia 2 kwa mwaka. Kwa mwaka ni milioni 200. Meneja hasubiri Desemba aje kuchukua milioni 200 kwa mkupuo. Kila siku, mhasibu wa mfuko anagawanya kwa 365 na kuandika deni la shilingi 547,945 ambalo mfuko unadaiwa na meneja. Ndipo anapojumlisha thamani ya mali zote, akatoa madeni yote likiwemo hilo, na kinachobaki akakigawanya kwa idadi ya vipande. Jibu lake ndilo thamani ya kipande ya siku hiyo.

Fedha taslimu ya ada inaweza kutoka kwenye mfuko mara moja kwa mwezi au kwa robo mwaka, lakini hilo halikuhusu sana. Wewe ulishakatwa siku ile ada ilipoandikwa kama deni. Ndiyo maana mtu akitoka tarehe 29 hakwepi ada ya mwezi ule, na aliyeingia tarehe 30 habebeshwi ada ya siku ambazo hakuwepo. Kwa hili mfumo ni wa haki kabisa.

Kwenye milioni 1 yako, asilimia 2 kwa mwaka ni kama shilingi 55 kwa siku. Nauli ya daladala ni zaidi ya hapo, na hicho ndicho kinachowalaza watu. Sasa ipe miaka. Mali za mfuko zikizalisha asilimia 12 kwa mwaka kabla ya ada, na ukaacha milioni 1 ikae miaka 20 bila kuigusa:

- Bila ada yoyote ingefika kama milioni 9.65.
- Kwa ada ya asilimia 1, inafika kama milioni 8.06.
- Kwa ada ya asilimia 2, inafika kama milioni 6.73.

Tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho ni milioni 2.9, karibu mara tatu ya fedha uliyoanza nayo. Haikutoka kwenye ada peke yake. Sehemu kubwa ni faida ambayo zile shilingi 55 zingezaa kama zingebaki ndani. Asilimia 12 ni mfano wa hesabu tu, lakini weka kiwango chochote unachokiamini na utaona jambo lilelile likijirudia.

Hii haina maana kwamba ada ni dhuluma. Meneja anayenunua hatifungani za serikali kwa mnada, anayefuatilia malipo ya riba na kuwalipa watu kwa siku tatu, anafanya kazi halali na anastahili ujira. Ninachosema ni kwamba ujira huo uwe unaujua. Na kwa mfuko unaoweka fedha karibu zote kwenye dhamana za serikali na amana za benki, ambako mameneja wote wananunua vitu vinavyofanana, sioni sababu ya kulipa ada kubwa kuliko jirani yake. Huko ada ndogo inashinda karibu kila mara.

Hatua ya 4: Soma jedwali la bei za kila siku

Kwa mifuko ya Tanzania, jedwali la bei hutangazwa kila siku ya kazi. UTT AMIS huliweka kwenye tovuti yake, na mifuko mingine hufanya hivyohivyo. Ndani yake kuna thamani halisi ya mfuko, idadi ya vipande, thamani ya kipande, bei ya mauzo na bei ya manunuzi. Bei hizo mbili za mwisho zinawachanganya watu kwa sababu zimeandikwa kwa jicho la meneja. Bei ya mauzo ni ile ambayo yeye anakuuzia, yaani wewe unanunua. Bei ya manunuzi ni ile anayokulipa anapovinunua tena vipande vyako.

Sasa fanya jambo dogo ambalo halichukui dakika moja. Linganisha bei ya mauzo na thamani ya kipande: ikizidi, tofauti hiyo ni ada ya kuingia. Kisha linganisha bei ya manunuzi na thamani ya kipande: ikipungua, tofauti ni ada ya kutoka. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, umekuwa na ada ya kutoka ya asilimia 1. Kipande kikiwa na thamani ya shilingi 1,000, bei ya manunuzi itasoma 990. Mfuko wa Ukwasi wa mwaka 2013 na Mfuko wa Hatifungani wa mwaka 2019 ilianzishwa bila ada ya kuingia wala ya kutoka, na kwenye safu zao bei zote hufanana. Huhitaji kumuuliza mtu. Jedwali lenyewe linasema.

Chukulia kikoba kimeweka milioni 5 kwenye mfuko wenye ada ya kutoka ya asilimia 1, na baada ya miezi mitatu wanataka fedha ya kugawana. Mfuko umepanda asilimia 3, kwa hiyo wana milioni 5.15 kwa thamani ya kipande. Mweka hazina anapokea 5,098,500. Wanachama wanauliza 51,500 imekwenda wapi. Imekwenda kwenye ada ya kutoka, na kwa kuwa inapigwa kwenye fedha yote wala si kwenye faida pekee, imekula zaidi ya theluthi ya faida yao ya 150,000. Kikoba hicho hakikuibiwa. Kilichagua mfuko wa muda mrefu kwa fedha ya muda mfupi. Fedha itakayohitajika ndani ya mwaka ikae kwenye mfuko usio na ada ya kutoka.

Upande wa pili, mtu atakayekaa miaka kumi asiiogope sana ada ya kutoka. Anailipa mara moja. Akilinganisha mfuko wenye ada ya kutoka ya asilimia 1 na ada ya uendeshaji ndogo, dhidi ya ule usio na ada ya kutoka lakini unaokata nusu asilimia zaidi kila mwaka, wa kwanza unampendelea kuanzia mwaka wa tatu hivi.

Jihadhari pia na kuhama. Kuhama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, hata kwa meneja yuleyule, kwa kawaida ni kuuza na kununua upya. Uliza kabla kama ada ya kutoka inasamehewa kwa anayehama.

Hatua ya 5: Kwa mifuko ya soko la fedha ya Kenya, jua namba iko hatua gani

Huku mambo yamepangwa tofauti. Kipande hubaki shilingi moja, na faida huhesabiwa kila siku kisha kuongezwa kwenye akaunti, kwa siku au kwa mwezi kulingana na mfuko. Kwa hiyo huna bei inayopanda ya kuangalia. Unachokiona ni asilimia ya mwaka inayotangazwa magazetini na kwenye mitandao.

Asilimia hiyo kwa kawaida imeshaondolewa ada ya uendeshaji, lakini haijaondolewa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 15 kwenye riba. Hapo ndipo watu wanaposhtuka. Mali za mfuko zikizalisha asilimia 14 na ada ikiwa 2, kinachotangazwa ni 12. Ukiweka shilingi 100,000 hutapata 12,000 kwa mwaka. Kodi inachukua 1,800 na wewe unabaki na 10,200. Kodi hiyo mfuko unaikata wenyewe na kuipeleka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Kwa hiyo mkifungua chama na kulinganisha mifuko mitatu, hakikisheni namba zote tatu ziko hatua moja. Ni rahisi sana mfuko mmoja kuonekana bora kwa sababu tu tangazo lake limetaja faida kabla ya makato. Swali la kuuliza ni fupi: "Hii asilimia ni baada ya ada yenu? Na kodi imeshatoka?"

Angalia pia kama ni asilimia ya leo au wastani wa mwezi. Mfuko wowote unaweza kuwa na siku nzuri.

Hatua ya 6: Hesabu siku ambazo fedha haifanyi kazi

Gharama hii haipo kwenye waraka wowote kwa jina la ada, lakini kwa anayeweka na kutoa mara kwa mara inaweza kuwa kubwa kuliko makato ya simu.

Kila mfuko una saa ya mwisho ya kupokea maombi kwa siku. Fedha ikiingia kabla ya saa hiyo, unapata bei ya siku hiyo au unaanza kuhesabiwa riba kwa utaratibu wa mfuko. Ikiingia baada, unasubiri siku ya kazi inayofuata. Aliyetuma Ijumaa jioni anaweza kuanza kuhesabiwa Jumatatu au Jumanne. Ikiangukia kwenye Idi au Pasaka, siku zinaongezeka.

Kutoa ni hivyohivyo. Kuna siku vipande vyako vinapofutwa na kuna siku fedha inapofika benki, na katikati yake hupati faida. Jaribu kwa kiasi kidogo: weka, andika tarehe na saa, siku vipande vikionekana, andika tena. Kisha toa kidogo na ufanye vilevile. Utakuwa na picha sahihi kuliko tangazo lolote.

Jibu likiwa siku nne kwenda na siku tatu kurudi, kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka umepoteza karibu asilimia 0.2 kwa kila safari. Ukifanya hivyo kila mwezi, mwisho wa mwaka umejitoza asilimia 2.3 wewe mwenyewe, zaidi ya ada ya mameneja wengi.

Hatua ya 7: Makato ya njiani

Makato ya simu na benki hukatwa palepale, na ujumbe wa simu unakuonyesha. Yanapangwa kwa ngazi za kiasi, kwa hiyo kutuma 10,000 mara tano kunaweza kugharimu zaidi ya kutuma 50,000 mara moja. Angalia nani anabeba gharama: Kenya kuna namba za Paybill ambazo mfuko unalipa, na nyingine mteja analipa. Wakati wa kutoa, kupokea kwenye akaunti ya benki mara nyingi ni nafuu kuliko kupokea kwenye simu kisha kwenda kwa wakala.

Programu zinazokuwezesha kununua hisa za Marekani kwa shilingi huandika "bila kamisheni" kwa herufi kubwa. Tazama bei ya dola. Dola ikiwa shilingi 129 za Kenya sokoni na programu inakuuzia kwa 132, umelipa asilimia 2.3 kabla hujamiliki chochote. Ukiuza na kurudisha fedha, utakatwa tena kwa upande mwingine.

Hatua ya 8: Hisa kupitia dalali

Ukinunua hisa DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, huna ada ya uendeshaji ya kila mwaka. Unalipa kwa muamala, siku ya kununua na siku ya kuuza. Kamisheni ya dalali kwa miamala midogo, pamoja na tozo za soko, za CMSA, za mfuko wa fidia na za hifadhi ya dhamana, hufika karibu asilimia 2. Nairobi, kwa muamala mdogo, haiko mbali na hapo. VAT nayo ina nafasi yake kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo hisa uliyonunua kwa 1,000 inabidi ipande zaidi ya 1,040 ndipo uiuze na kupata faida. Anayenunua ili akae na kula gawio miaka kumi, asilimia 4 kwa jumla ni nafuu kuliko mifuko mingi. Anayenunua na kuuza kila mwezi anamfanyia kazi dalali.

Kwa walioko Uingereza

Huko ada za jukwaa na za mfuko zimetenganishwa, na zote mbili unalipa kwa wakati mmoja. Ya mfuko inakatwa ndani ya bei kila siku, kama tulivyoona hatua ya 3. Ya jukwaa inakatwa kwenye akaunti yako, na kama huna fedha taslimu humo, wanaweza kuuza kipande cha mfuko wako ili wajilipe. Acha pauni chache taslimu uepuke hilo.

Ada ya kiwango maalumu, yaani kiasi kilekile bila kujali una fedha kiasi gani, ndiyo inayowaumiza wanaoanza. Jukwaa la Vanguard, tangu tarehe 31 Januari 2025, linatoza pauni 4 kwa mwezi kwa mwenye chini ya pauni 32,000, na asilimia 0.15 kwa mwaka kwa aliyezidi hapo, isiyozidi pauni 375. Pauni 4 kwa mwezi ni 48 kwa mwaka. Mwenye 32,000 analipa asilimia 0.15. Mwenye 1,000 analipa asilimia 4.8, mara thelathini na mbili zaidi, kwa huduma ileile. Kama ndiyo kwanza unaanza, tafuta jukwaa linalotoza asilimia bila kima cha chini. Ukikua, hamia lenye ada ya kiwango maalumu.

Hatua ya 9: Tafuta gharama halisi kwenye hesabu zilizokaguliwa

Huu ndio waraka wa pili niliousema mwanzo. Mfuko hutoa hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Fungua ukurasa wa mapato na matumizi, na ujumlishe matumizi yote ya uendeshaji: ada ya meneja, mtunza dhamana, mdhamini, ukaguzi, benki, matangazo na "mengineyo". Kisha chukua ukubwa wa mfuko mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, ujumlishe, ugawanye kwa mbili. Gawanya matumizi kwa wastani huo.

Mfano: matumizi yote ni milioni 230, mfuko ulianza mwaka na bilioni 9 ukamaliza na bilioni 11. Wastani ni bilioni 10, na gharama halisi ni asilimia 2.3. Kama tangazo lilisema asilimia 2, ile 0.3 ndiyo zile gharama "zitakazobebwa na mfuko". Fanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo. Mfuko unaokua unatakiwa kuonyesha asilimia inayopungua, maana ada ya ukaguzi haiongezeki maradufu kwa sababu mali zimeongezeka maradufu. Ikipanda huku mfuko ukikua, hapo pana swali la kuuliza kwenye mkutano wa mwaka, na wewe kama mwenye vipande una kiti kwenye mkutano huo.

Hatua ya 10: Uliza kwa maandishi

Kupiga simu ni haraka, lakini jibu la simu halibaki. Tuma barua pepe au ujumbe kwenye namba rasmi ya huduma kwa wateja, ukiandika hivi:

"Habari za kazi. Mimi ni mwekezaji wenu kwenye mfuko huu, na namba ya akaunti yangu ni hii. Naomba kufahamishwa: (1) ada ya uendeshaji inayotozwa kwa sasa ni asilimia ngapi kwa mwaka, na ukomo wake ni upi, (2) VAT imo ndani au inaongezwa, (3) jumla ya gharama zote za mfuko kwa mwaka wa fedha uliopita ilikuwa asilimia ngapi ya wastani wa mali, (4) nikitoa fedha leo, nitakatwa nini, kwa bei ya siku gani, na itanifikia baada ya siku ngapi za kazi, (5) ada ikibadilika, mnatujulisha kwa njia gani na siku ngapi kabla. Asanteni."

Meneja makini anajibu maswali haya bila kusumbuka, kwa sababu majibu yote yamo kwenye nyaraka zake. Akijibu kwa kukutumia tangazo la faida, rudia swali lilelile ukitaja namba yake. Hifadhi majibu pamoja na taarifa zako za akaunti, na tuma ujumbe huohuo kila mwaka hesabu mpya zikitoka. Ukikatwa tofauti na ulivyoandikiwa na meneja asitoe maelezo, peleka malalamiko CMSA au CMA ukiambatanisha barua hizo, taarifa ya akaunti na ukurasa wa ada wa waraka wa matoleo.